Siku Afande Alipokuja Kukamata Mwizi wa Kumbukumbu

Wanjiru alikufa tukiwa tunakula, tukamfufua, akafa tena kabla sijamaliza mahindi yangu.

Ngoja. Usinitumie pole bado. Wanjiru alikuwa kompyuta.

Lakini mtu aliyekuwa aende seli kwa sababu yake alikuwa binadamu kamili, mwenye mke na tumbo la njaa kama mimi na wewe. Aliitwa Samir.

Mimi ni Mzee Kagwe wa Ngoingwa. Nimestaafu, nina meno machache na wajukuu sita. Hao wajukuu husema stori zangu huwa na chumvi nyingi. Ni kweli. Lakini nyama iliyo chini ya chumvi ni nyama.

Haya, tuanze.

Mwaka ni 1997, ile mvua ya El Nino. Ilinyesha mpaka vyura wa Thika wakaanza kutafuta mahali pakavu pa kulala. Mimi mwenyewe nilimkuta mmoja ndani ya kiatu changu cha gambuti na akakataa kutoka.

Nilikuwa fundi wa taipureta kwa miaka mingi. Taipureta zilipoisha, nikajifunza kompyuta mwenyewe, kwa kuzifungua na kuomba Mungu zifungike tena. Ndivyo nilivyopata kazi Gatongora, Ruiru, kwenye mradi fulani wa mto.

Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la chakula cha ng'ombe. Hesabu zote za kisayansi unazosikia hapa zilifanywa kwa harufu ya machicha na molasi.

Kazi ilikuwa hii: mvua ikinyesha namna hii huko milimani, maji yatafika wapi huku chini, na lini?

Kompyuta moja ya siku hizo ingemaliza hesabu hiyo watu wakiwa washaanika magodoro. Kwa hivyo tulikuwa na kompyuta kuukuu za msaada, zote zimeungwa kwa kebo moja.

Mto tuliukata vipande. Kila kompyuta ilipewa kipande chake, na zote zinapiga hesabu kwa wakati mmoja. Halafu kila moja inamwambia jirani, "Maji yangu kwa mpaka yamefika hapa, yako je?"

Kama vibarua kwa shamba la kahawa, kila mtu na mstari wake.

Wanjiru ndiye aliyekuwa nyapara. Wote walimletea ripoti.

Hayo majina yalitoka kwa bosi, Daktari Waweru. Si daktari wa sindano, daktari wa vitabu. Yeye ndiye aliyeandika sehemu ya kwanza ya programu, na akazipa mashine majina ya mabinti wa Mumbi, wale mama wa koo za Wakikuyu. Wanjiru, Wambui, Njeri, Wanjiku, Nyambura, na dada zao mpaka kitinda mimba, Warigia.

Tisa.

Warigia alikuja mgonjwa. Pawa yake, kile kisanduku cha kumlisha umeme, ilikuwa imeungua, na mwaka mzima alikaa kwa kona amefunikwa kitambaa, juu yake maua ya plastiki. Tulikuwa tunamwekea vikombe.

Halafu mradi ukamwandika Samir kazi.

Samir alikuwa mtoto wa Thika, Mwislamu wa Majengo, mkono mwepesi kama wa fundi saa. Alimfungua Warigia, akamtoa vumbi la kujaza debe, akambadilishia pawa. Kitu kikawaka! Tukapiga makofi.

Akasimama katikati ya chumba anafurahi, anazinyooshea mashine kidole moja moja.

Ciku akampiga kofi kwa kiganja. "We! Hao ni kuku?"

Tukacheka. Samir naye akacheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Ciku ndiye aliyekuwa mwandishi wetu wa programu. Msichana wa chuo kikuu, mdomo mkali, macho makali zaidi. Alipanga vipande vya mto upya ili Warigia naye apate cha mwisho, kile cha chini kabisa.

Wiki hiyo hiyo Wanjiru akaanza kuanguka.

Na haikuwa kuanguka kwa kawaida. Wewe sikiza.

Mvua ya hesabu, ile ambayo siku yake nzima ni dakika tu kwetu, inaanza, siku ya kwanza sawa, siku ya pili sawa. Siku ya tatu Wanjiru anatoa maneno kwa skrini kwamba programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, anatapika faili kubwa, kimya. Dada zake wanabaki wameduwaa, hawana wa kumripotia.

Ciku akaweka mistari ya kuchungulia ndani ya programu, ili aone inafia wapi.

Ikakataa kufa.

Akaitoa. Ikafa.

Akairudisha. Ikapona!

"Mzee Kagwe," akaniambia, "hii kitu inajua ninaiangalia."

Nywele zikanisimama, na wakati huo nilikuwa nazo. Nikamwambia ni panya. Halafu nikasema ni radi. Mwisho nikapendekeza tumwite pasta. Akarudi kwa kibodi.

Daktari Waweru yeye aliona neno moja tu kwa hiyo skrini: kumbukumbu.

Siku hizo kumbukumbu za kompyuta, vile vijiti vya kijani, vilikuwa dhahabu. Ofisi za Nairobi zilikuwa zinavunjwa, wezi wanaacha kompyuta hapo mezani na kutoka na vijiti kwa mfuko wa shati.

Ijumaa mchana, nikiwa na mahindi yangu mkononi, Daktari akatoka ofisini kwake.

"Samir. Ni nani alizifungua hizi mashine mara ya mwisho?"

"Ni mimi, Daktari."

"Na Wanjiru alianza kuanguka lini?"

Jibu lilikuwa wiki ile ile na kila mtu alilijua.

"Umetoa kumbukumbu nzuri ukaweka takataka. Umeuza wapi?"

"Wallahi Daktari, sijagusa kumbukumbu ya mashine yoyote. Nilibadilisha pawa ya Warigia tu."

"Utaeleza polisi."

Akashuka kwenda kupiga simu dukani.

Samir akakaa juu ya gunia la karatasi. Uso ulikuwa umebadilika rangi.

"Mzee," akaniambia, "leo ni Ijumaa. Nikiingia leo natoka Jumatatu, nikibahatika. Na mke wangu Firdaus yuko karibu. Anaweza kujifungua hata leo."

Hapo, msomaji, mahindi yakanikwama.

Nikachukua bisibisi.

"Mzee Kagwe, unafanya nini?" Ciku akauliza.

"Nimeona vumbi."

Nilimfungua Wanjiru, nikatoa kumbukumbu zake. Nikamfungua Nyambura, nikatoa zake. Nikazibadilisha. Kama ugonjwa uko kwa vijiti, sasa anafaa kuanguka Nyambura. Nilikuwa nafunga skrubu ya mwisho nikasikia buti kwa ngazi.

Afande alikuwa mtu mkubwa, Mkamba wa Machakos, sare imelowa mvua mpaka mabega. Jina Mbuvi. Aliingia, akanusa molasi, akatafuta kiti.

"Mwizi ni yupi?"

Daktari akamwonyesha Samir kwa kidevu.

"Sawa. Nijipashe moto kidogo halafu niende naye."

Nikamletea thamosi yangu ya chai. Thamosi hiyo ni ya lita mbili na ndani kulikuwa na tangawizi ya kuamsha maiti. Kikombe nikatafuta kikubwa kuliko vyote. Mtu hawezi kumaliza chai hiyo haraka, na Mkenya hawezi kuiacha kwa mvua.

"Daktari," nikasema, "kabla aende, tumwonyeshe Afande huo uhalifu. Tuanzishe programu aone kwa macho."

Daktari akapenda hilo. Ciku akanitazama, akaelewa, akaanzisha.

Siku ya kwanza ya mvua. Siku ya pili.

Afande anapuliza chai.

Siku ya tatu.

Wanjiru akaanguka. Pap! Nyambura yuko salama kama askofu.

"Umeona!" Daktari akapiga meza.

"Nimeona," nikasema. "Na sasa niwaambie. Kumbukumbu zilizo ndani ya Wanjiru ni za Nyambura. Nimebadilisha sasa hivi. Kwa hivyo vijiti havina makosa. Samir hajaiba kitu."

Nilingoja makofi.

"Umegusa ushahidi?" Daktari akauliza polepole.

"Umegusa ushahidi?" Afande naye akauliza, haraka zaidi.

"Wako pamoja," Daktari akasema. "Huyu mzee ana bisibisi mfukoni saa hizi."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa inachungulia.

Afande akasogeza kikombe kando. "Basi ni wawili. Nafasi kwa gari iko. Mzee, una dawa za presha? Beba."

Haiya! Nimeenda kuokoa mtu nimejiongeza kwa orodha. Samir akaniangalia kwa huruma, yule niliyekuwa namhurumia.

"Afande, chai imebaki," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kinanda kibovu.

"Nitamaliza nikiandika. Sina haraka na nyinyi, nina haraka na maandishi." Akatoa kalamu. "Vitu vilivyohusika. Mashine ni ngapi?"

"Tisa," Daktari akasema.

"Tisa," nikasema.

"Tisa," Ciku akasema, bila kutoa macho kwa skrini.

Afande akaandika. Halafu akainua kalamu, akaanza kuzipitia kwa macho. Midomo ilikuwa inasonga.

Akarudi mwanzo. Akapitia tena.

"Ni kumi."

"Ni tisa, Afande," Daktari akasema.

"Daktari, mimi hesabu nilifundishwa na fimbo. Hapo ni kumi. Mnataka niandike uongo kwa maandishi ya serikali?"

"Ziko tisa, lakini..." Daktari akatafuta maneno. "Ni mabinti. Hatuzihesabu hivyo."

"Mnazihesabu vipi?"

Sasa hapo, kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Nyanya zetu hawakupenda mtu asimame ahesabu watoto mpaka awamalize. Ukiwamaliza kwa kuwahesabu, ni kama umemwonyesha shetani kwamba hao ndio wote. Kwa hivyo mmoja anaachwa nje ya hesabu, awe kinga ya wenzake. Mabinti wa Mumbi walikuwa kumi, na mpaka leo tunasema tisa. Unajazia mwenyewe kimoyomoyo. Hakuna anayefikiria, ni kama kupiga chafya.

Samir akasema pale chini kwa gunia, "Hata mimi siku ile nilihesabu kumi. Nikapigwa kofi."

"Kumbe uko na macho," Afande akamwambia.

Ciku alikuwa ameacha kuchapa.

"Daktari," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Ile sehemu ya kwanza ya programu, ile ya Wanjiru kupokea ripoti. Ni wewe uliandika?"

"Ndiyo. Hiyo haina shida. Imefanya kazi mwaka mzima."

"Mwaka mzima Warigia alikuwa amezimwa."

Sote tukageuka kumtazama Warigia. Mvua tu kwa mabati.

Ciku akafungua sehemu hiyo. Sisi sote tukainama nyuma yake, pamoja na Afande na kikombe chake. Akashuka, akashuka, akasimama. Akaweka kidole kwa skrini.

Hapo Daktari alikuwa amemtengea Wanjiru nafasi za kuweka ripoti za mashine zote, yake ikiwemo.

Nafasi 9.

"Sielewi," Afande akasema.

"Afande," Ciku akamgeukia, "fikiria ploti ya vyumba tisa, halafu landlord, mwenye ploti, amepangishia watu kumi. Huyu wa kumi anakuja na godoro kichwani. Anapita vyumba vyote vimejaa. Mlango unaofuata ni wa jikoni kwa landlord. Anaingia, anaweka godoro juu ya jiko."

"Na landlord?"

"Landlord ni Wanjiru. Jikoni ndiko alikuwa ameweka namba ya kumwonyesha aende wapi baadaye. Warigia analeta ripoti yake, inafuta hiyo namba. Wanjiru anafuata namba mbaya, anaingia mahali si pake, anakufa. Warigia hata hajui ameua mtu."

"Mbona siku ya tatu?" Daktari akauliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba kuwe na jibu lingine.

"Warigia ana kipande cha chini kabisa. Mafuriko yanamfikia siku ya tatu. Kabla ya hapo ripoti yake ni sifuri, na hiyo namba ya jikoni pia inaanza ikiwa sifuri. Hakuna kinachobadilika mpaka maji yafike."

"Na ile mistari yako ya kuchungulia?" nikauliza.

"Ilisukuma vitu mbele. Jikoni ikahama. Warigia akawa anaweka godoro kwa uwanja mtupu."

Nilitaka kusema kwamba nilijua tangu mwanzo. Lakini bado nilikuwa mshukiwa.

"Maneno ni mazuri," Afande akasema. "Nionyeshe."

Ciku akaanzisha bila Warigia. Mto vipande tisa. Siku ya tatu ikapita. Ya nne. Wanjiru anapumua.

Akasimamisha, akamwamsha Warigia, akaanzisha tena. Siku ya tatu: pap! Wanjiru chini.

Afande akatikisa kichwa. "Huyo mdogo ni hatari."

"Sasa arekebishe," Samir akasema. Alikuwa amesimama. "Arekebishe tuone. Mimi nina mke nyumbani."

Ciku akasukuma kibodi mbele ya Daktari. "Ni yako. Andika wewe."

Ni namba moja tu. Mtoto wa nasari anaweza.

Daktari Waweru akakaa. Akafuta tisa. Akaweka kidole juu ya moja, halafu kidole kikabaki hewani.

Huyu ni mtu aliyekuwa akituambia kila Jumatatu kwamba mila ni ushamba. Mtu aliyesoma ng'ambo mpaka akarudi anakula ugali kwa uma.

"Nyanya yangu ndiye alinilea," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Akipakua chakula anatuita kwa majina. Wa mwisho hamwiti. Anamgusa tu bega."

"Daktari, chai imefika chini," Afande akamkumbusha.

Kidole kikasogea, kikashuka. Nilisogea nione.

Hakuandika kumi.

Aliandika 9+1.

Kompyuta haijali. Kwake ni kitu kimoja.

Programu ikaanza.

Siku ya kwanza. Ya pili. Samir amefumba macho, midomo inasonga. Mimi nimeshika bisibisi kama msalaba.

Siku ya tatu.

Mashine zilikuwa zinavuma. Taa za Warigia zikacheza, akapeleka ripoti yake. Taa za Wanjiru zikacheza.

Siku ya nne.

Siku ya tano.

"Imepita," Ciku akasema. Halafu akapiga kelele, "Imepita!"

Nilimkumbatia Afande. Sijui kwa nini. Alikuwa karibu.

"Toka," akasema. Akaangalia maandishi yake. "Kwa hivyo namkamata nani?"

"Nyanya ya Daktari," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Alifariki kitambo."

"Basi kesi imekwisha." Akamimina tone la mwisho, akanywa, akavaa kofia. Akiwa mlangoni aligeuka, akanyoosha kalamu kwa Samir. "Kijana, umeponea kwa tangawizi."

Tukabaki sisi. Daktari akasimama mbele ya Samir. Alikuwa mrefu, lakini dakika hiyo hakuonekana.

"Samir," akasema.

"Daktari," Samir akamjibu, "nilimponya binti yako, ukaniitia polisi."

Hakupiga kelele. Mimi ningetukana mpaka ng'ombe wa Gatongora wakatae ile molasi.

Daktari akachukua ufunguo wa gari lake. Akamwambia, "Twende kwa mke wako." Wakashuka pamoja, na mara ya kwanza tangu nimfahamu, ni Daktari aliyebeba mwavuli.

Firdaus alijifungua Jumapili. Baba mtoto alikuwa nje ya mlango wa wodi, hakuwa nyuma ya mlango mwingine. Tulienda kumwona, Daktari na kapu la ndizi na unga wa uji.

"Sasa ni wa ngapi huyu?" Daktari akauliza, ndio apate cha kusema.

Samir akatabasamu, nusu kama msamaha na nusu kama kidole jichoni.

"Wa tatu, Daktari. Sisi kwetu tunahesabu."

Niwaambie kitu nilichotoka nacho huko, nyinyi mnaosoma hii kwa simu mkiwa mmelala.

Anayeanguka si lazima awe ndiye mgonjwa. Na aliyeonekana karibu na kitu mara ya mwisho si lazima awe ndiye aliyekiharibu. Wakati mwingine amekitengeneza, na ndio maana shida iliyolala mwaka mzima imeamka. Kabla hujamwitia mtu polisi, angalia kwanza ni nani ndani ya nyumba amekosa chumba.

Na chai ya wageni iwe moto sana.

Kama huniamini, njoo Ngoingwa uulize nyumba ya Mzee Kagwe. Njoo Jumapili, ukute wajukuu wangu sita wanagombania mapaja ya kuku.

Utaona sahani saba mezani, bila yangu na yako.

Kula chakula chako, rafiki. Usianze kunyoosha kidole.